Baraza la Alhamisi: shajara ya masomo ya watu wazima

Naandika haya kwa yeyote mwenye kikundi kidogo cha dini, cha chama au cha mtaa, anayetaka watu wazima wakae wazungumze na hajui aanzie wapi. Sisi ni jumuiya ndogo ya Wayunitaria (kwa asili, wale wasemao Mungu ni mmoja, si Utatu) hapa Mombasa, watu wazima ishirini na kitu. Mimi si mchungaji wala mwalimu. Kazi yangu ni makaratasi ya kutoa mizigo bandarini, ndiyo maana hesabu utazikuta mpaka shilingi ya mwisho. Maneno ya watu niliyoyanukuu, wenyewe wameyapa ruhusa. Kwa nini nalisema hilo mapema, utaona tarehe 10 Aprili.

Jumamosi, 4 Januari 2025. Pesa na chumba

Ombi limetoka kwa waumini wenyewe. Jumapili watoto wana darasa lao. Sisi wakubwa twasikiliza mahubiri, twanywa chai, twarudi nyumbani na maswali yale yale tuliyokuja nayo. Na maswali hayaishi. Jaribu kusema wewe ni Myunitaria hapa Mombasa. Jirani Mwislamu atafurahi kusikia Mungu kwako ni mmoja, kisha akuulize basi wangoja nini. Jirani Mkristo atauliza kama nyinyi ndio wale Mashahidi wa Yehova. Wengi wetu tukishajibu sentensi mbili tumekwama.

Kamati imetoa shilingi 12,000 kwenye sadaka, na imesema hakuna nyingine. Chumba tumepata katika shule ya chekechea huko Tudor, 1,000 kwa jioni. Chai na mahamri nimekadiria 600 kwa kikao. Vikao sita, kila Alhamisi, saa kumi na moja na nusu hadi saa moja na nusu. Mada nimezitoa kwenye mtaala wa wenzetu Wayunitaria wa Marekani, nikazitafsiri mwenyewe likizo yote ya Krismasi. Jina: Darasa la Watu Wazima.

Alhamisi, 30 Januari. Duru ya kwanza imekufa

Vikao vinne, mahudhurio 19, 14, 9, 6. Katika sita wa leo, wawili ni wanakamati na mmoja alifuata sufuria yake. Vikao viwili vilivyobaki nimevifuta.

Jina lilituharibia tangu siku ya kwanza. "Kumbe mwatupeleka ngumbaru?" mama mmoja aliniuliza mlangoni, akicheka, lakini hakurudi. Mtu aliyesomesha watoto wanne hadi chuo hataki jirani amwone akiingia darasani na daftari. Halafu viti. Shule ya chekechea ina viti vya chekechea, hilo sikuliwaza. Picha ya wazee wenye baridi yabisi, magoti yamewafika kidevuni, wakijadili asili ya uungu, sitaisahau.

Taa ndiyo iliyotuchongea. Wayunitaria ulimwenguni huwasha mwali ndani ya kikombe wanapokutana. Alama hiyo ilichorwa mwaka 1941 na Hans Deutsch, msanii wa Austria aliyekimbia Wanazi, kwa ajili ya shirika la Wayunitaria lililokuwa Lisbon likiwavusha wakimbizi. Walitaka muhuri wa kuweka kwenye karatasi zao. Nami nikaona nitie ladha ya pwani: nikanunua chetezo cha udongo, shilingi 350, nikasimamisha mshumaa ndani. Pangaboi likauzima mara tatu. Kikao cha pili nikaona bora nizime pangaboi, na kwa vile chumba kilikuwa na joto na harufu ya soksi za watoto, nikatia ubani kidogo pembeni. Asubuhi yake mwenye shule alinipigia simu. Mlinzi amemwambia kuna watu usiku wazima feni, wafunga mlango, wafukiza na kunong'ona. "Dada, niambie kweli. Hapo mwapunga?" Ilinichukua dakika ishirini kumweleza kwamba hatupungi pepo wa mtu, na sidhani aliamini.

Karatasi nazo. Nilipiga chapa nakala 20, kurasa nane kila moja, shilingi 5 ukurasa: 800. Kurasa mbili zilikuwa za Kanuni Saba zilizopitishwa mwaka 1985 na Wayunitaria wa Marekani pamoja na Wauniversalisti, walioungana nao kuwa jumuiya moja. Kijana wetu wa tuktuk akatoa simu, akasoma kidogo, akasema kwa upole, "Anti, hawa jamaa walibadilisha hii Juni mwaka jana." Kweli. Mkutano wao mkuu wa 2024 uliweka mahali pake maadili saba, upendo ukiwa katikati. Mimi nilikuwa nafundisha ya zamani kwa sauti ya uhakika kabisa.

Lakini jina, viti, chetezo na karatasi vyote vingevumilika. Kilichoua darasa ni mimi. Swali la kwanza kwenye mtaala nililitafsiri "Je, maana unaipata wapi?" Kimya. Mwisho mama mmoja akauliza, "Maana ya nini?" Nikaona hawajaelewa, basi nikahutubia. Kila kikao nilihutubia dakika hamsini. Leo nilikuwa na kisa cha Michael Servetus, Mhispania aliyechapisha kitabu cha kuupinga Utatu mwaka 1531 akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, wakamchoma moto akiwa hai huko Geneva tarehe 27 Oktoba 1553. Nilipofika pale kwenye kuni, mama wa safu ya mbele alikuwa amelala fofofo.

Hesabu: chumba 4,000, chai na mahamri 2,400, karatasi 800, chetezo 350. Jumla 7,550. Zimebaki 4,450.

Alhamisi, 13 Februari. Somo kutoka Tanga

Wiki mbili hatukukutana. Nilizunguka kuuliza waliotoroka, mmoja mmoja. Jibu la maana nililipata kwa mzee wetu aliyezaliwa Tanga. Mwaka 1973 alikuwa na miaka kumi na tano, na kijijini kwao kulikuwa na kikundi cha redio cha kampeni ya Mtu ni Afya. Kampeni ile iliwafikia Watanzania milioni mbili hivi. Alinieleza ilivyokwenda: watu wakaa chini ya mwembe, redio yasema, kijitabu chasomwa kwa sauti, kisha wazungumza, kisha waenda kuchimba choo au kufukia madimbwi.

"Kiongozi wetu hakuwa ajua kutushinda," akasema. "Alikuwa ajua kusoma, basi. Kazi yake ilikuwa kuuliza na kunyamaza. Wewe kuuliza wajua. Hilo la pili ndilo limekushinda."

Basi tumebadilisha. Jina sasa ni Baraza la Alhamisi. Chumba tumeacha, mwanajamii mwenzetu ana nyumba ya Kiswahili Kisauni yenye baraza ya saruji mbele na ua nyuma, bure. Mikeka miwili, 1,800, na kwa wenye magoti kuna baraza yenyewe. Chai kila mtu aja na chake. Badala ya chetezo tumenunua kandili, 650. Kioo chake kinazuia upepo, na hakuna mtu pwani hii anayeiona kandili akafikiria uganga. Wengi wetu tumefanyia kazi za shule kwa mwanga wake. Ningeanza nayo ningeokoa shilingi 350 na simu moja.

Mpangilio wa sasa: kandili yawashwa, kisomo kisichozidi nusu ukurasa, chasomwa mara mbili na watu wawili tofauti, hakuna karatasi za kugawa, kimya dakika mbili, duru ambayo kila mtu asema bila kukatizwa, kisha mazungumzo ya wazi. Wamarekani wana vikundi vidogo vinavyokwenda karibu hivi hivi, na watu wake kabla ya kuanza huwekeana kitu ambacho mimi nilikiita "agano". Neno hilo nimelitoa. Ukisema agano hapa, mtu afikiria la Kale na Jipya, na damu ya mwanakondoo. Sisi tuna mapatano: kusikiliza, kutotoa nasaha mtu asipoomba, na la barazani libaki barazani.

Ili watu wasikatizane, kuna kikombe kidogo cha kahawa kinachopita mkononi. Mwenye kikombe ndiye msemaji. Asiyetaka kusema apitisha.

Leo: watu 11. Swali: "Ni lini ulifanyiwa wema na mtu usiyemjua?" Kikombe kilizunguka chote. Zimebaki 2,000.

Alhamisi, 27 Februari. Tumefanya mhadhara bila kukusudia

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Hivi sasa ni saa sita usiku, nimefikiria tena, na sijafurahi.

Swali lilikuwa Utatu, maana ndilo tunaloulizwa kila siku. Duru ya kwanza ilikwenda vizuri hadi kikombe kikamfikia mwalimu wetu mstaafu, akafungua Marko 12:29, Bwana Mungu wetu ni Bwana mmoja. Kijana wa tuktuk, aliyelelewa katika kanisa la kilokole, hakungoja kikombe. Akaja na Yohana 1:1, naye Neno alikuwa Mungu. Jirani wa nyumba ya pili, mzee aliyefundisha madrasa miaka mingi, alikuwa amesimama kando akisikiliza. Akasoma Surat al-Ikhlas, sura isemayo Mungu ni mmoja, kwa sauti nzuri, kwa kweli nzuri. Kutahamaki njia imejaa. Wapita njia wasimama, pikipiki zimezimwa, mtu apiga makofi. Nilihesabu watu zaidi ya thelathini. Nikajiambia, hii ndiyo elimu ya watu wazima.

Kisha nikahesabu waliosema. Watu wanne. Wote wanaume. Wanawake saba waliokuja, kikombe hakikuwafikia kabisa. Nilikikuta kwenye mkeka kimepinduka.

Aliyekulia Mombasa ajua mihadhara: jukwaa uwanjani, vipaza sauti, Biblia na Kurani mezani, mmoja asema, mwenzake ajibu, na umma wahesabu magoli. Tumeizoea mno hata ukileta swali la dini popote, linageuka mhadhara lenyewe. Mtu akisoma aya, anayefuata hana budi kusoma aya. Hakuna awezaye tena kusema "mimi hapa sijui", kwani atakuwa amefungwa. Na sisi jambo hasa lililotuleta ni kwamba hatujui.

Dawa tuliyokubaliana kwa simu na wawili watatu: aya mfukoni. Dakika za duru ya kwanza hakuna kunukuu kitabu chochote, kitakatifu au kisicho kitakatifu. Kwenye mazungumzo ya wazi ruhusa, aya moja kwa mtu. Na swali lenyewe lazima liwe halijibiki kwa aya. Si "Mungu ni mmoja au ni watatu?" bali "Ulipokuwa mtoto ulimwomba nani, na sasa wamwomba nani?"

Alhamisi, 20 Machi. Dakika arobaini na tano

Ramadhani na Kwaresima zimeangukia pamoja mwaka huu, kwa hivyo nusu ya mtaa wafunga na wetu kadhaa wameacha nyama. Kukutana saa kumi na moja na nusu kulikuwa ukatili: harufu ya viazi karai kila jiko, na watu wamekaa kuzungumzia roho. Tumehamia baada ya futari. Maghribi yaingia saa kumi na mbili na nusu hivi, isha karibu saa mbili kasorobo. Tumebana kikao katikati, dakika arobaini na tano tu. Tende 500. Zimebaki 1,500.

Niliona tutakatika njiani. Kumbe saa mbili zilikuwa nyingi mno tangu mwanzo. Muda ukiwa mfupi mtu hasemi utangulizi. Na muuza kahawa apita mtaa huu akigonganisha vikombe vyake kila jioni wakati huo huo. Mlio huo ndio umekuwa saa yetu. Akigonga, twafunga.

Kisomo cha leo kilimhusu Rammohun Roy, Mbengali, Mhindu kwa kuzaliwa, aliyesaidia kuanzisha kamati ya Wayunitaria Calcutta mwaka 1821 na kufia Bristol, Uingereza, 1833. Nilitaja, kama jambo la kupita tu, kwamba mwanzoni mwa karne ile ya 19 aliandika kijitabu kwa Kiajemi chenye dibaji ya Kiarabu, kiitwacho Tuhfat-ul-Muwahhidin. Mzee wa madrasa akainua kichwa. "Sema tena." Nikasema. "Muwahhidin. Hiyo ni wahid, ni tauhidi hiyo. Zawadi kwa wenye kumpwekesha." Akanyamaza kidogo. "Mhindi huyu? Na hawa wazungu wenu ndio waliomwita ndugu?" Kikombe alikuwa nacho mkononi muda wote huo na hakuna aliyemdai.

Mimi nilikuwa nimehangaika miezi mitatu kutafuta Kiswahili cha jina letu. Yuko jirani aliyekuwa nalo nyumba ya pili.

Alhamisi, 10 Aprili. Kosa langu

Hili laandikwa polepole.

Mwishoni mwa Machi swali lilikuwa juu ya kifo, na dada yetu fundi cherehani alisema jambo lake. Watu wengine walilia. Usiku ule nikiwa bado nimejaa, niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp la jumuiya nzima, watu arobaini na zaidi wakiwemo wasiokuja barazani, sentensi tatu za kusifu kikao. Sikutaja jina. Nilitaja jambo lenyewe, na Kisauni si kubwa kiasi hicho. Asubuhi shemeji yake alikuwa amempigia kumuuliza.

Alikosa kikao kilichofuata. Hakunijibu simu. Nilifuta ujumbe, kazi bure, ulikuwa umeshasomwa. Sikuwa na la kufanya ila kwenda mwenyewe, na sikwenda peke yangu. Nilimwomba mzee wa Tanga anisindikize, kwani kuomba radhi bila mtu mzima kati ni kumlazimisha mtu akusamehe pale pale. Dada hakuacha kushona. Akamaliza mshono wa kanga mbili nzima, akakata uzi kwa meno, ndipo akasema, "Mapatano uliyaandika wewe." Kisha akaenda kupika chai.

Tuliyobadilisha: hakuna simu mkekani, zakaa kwenye kikapu cha makuti mlangoni. Shajara hii yaandika swali, hesabu ya watu na gharama; la mtu halimo mpaka aseme liwemo. Kundi la WhatsApp latangaza saa na mahali, halitangazi lingine. Na mapatano husomwa kila kikao na mtu mwingine, siyo mimi. Leo nimeyasoma mbele yake kwa mara ya mwisho. Amekuja.

Hakuna gharama.

Alhamisi, 8 Mei. Mvua, na ruhusa yenye uzio

Masika. Baraza imelowa wiki tatu. Turubai 1,000, zimebaki 500. Tumegundua pia kwamba baraza ina faida na hasara ile ile: kila mpita njia asikia. Kwa hivyo kisomo na mazungumzo ya wazi twafanya nje, duru ya kikombe twafanya uani, mlango ukiwa umeegeshwa. Wapita njia wasubiri. Wengine wameanza kuja kwa wakati wa nusu ya pili.

Kisomo kilihusu mji wa Torda, Transilvania, ambayo leo imo Romania, mwaka 1568. Mfalme János Zsigmond, ambaye mhubiri wake alikuwa Francis Dávid, alikubali amri kwamba kila mhubiri ahubiri Injili kwa anavyoielewa, kila jumuiya imkubali au imkatae mhubiri wake yenyewe, na mtu asiteswe kwa ajili ya dini kwani imani ni zawadi ya Mungu. Kila kitabu cha Wayunitaria huisifu siku hiyo, nami nilikuwa tayari kuisifu.

Mama wa Likoni, yule yule aliyelala Januari, aliuliza, "Kila mtu, kila mtu?" Ikabidi nikubali. Walionufaika hasa ni Wakatoliki, Walutheri, Wakalvini na Wayunitaria. Waorthodoksi, ambao ndio waliokuwa raia wengi wa kawaida miongoni mwa Waromania wa huko, waliachwa nje ya orodha hiyo. Wayahudi na Waislamu pia. Na Dávid mwenyewe, mtawala mwingine alipokuja, alihukumiwa kwa kuzidisha mageuzi ya dini, akafia gerezani Déva mwaka 1579.

"Basi hiyo ni ruhusa yenye uzio," akasema mama. Mtu akatoa katiba yetu ya 2010, kifungu cha 8, hakuna dini ya taifa, na cha 32, uhuru wa dhamiri. Mzee wa madrasa akakumbusha cha 170, mahakama za kadhi. Je, hicho ni uzio au ni mlango? Hapo aya za katiba zilianza kurushwa kama za Biblia ile Februari, nikasema mfukoni, mfukoni, wakacheka. Hatukumaliza. Wengi walitaka turudi wiki ijayo kwenye swali hilo hilo, tukarudi.

Alhamisi, 19 Juni. Kuongoza kwa zamu, na neno insafu

Tangu katikati ya Mei siongozi mimi. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, kwa sababu iliyoonekana dhahiri, na dhahiri ikatudanganya. Dada mmoja alisema "vitu yangu" akashika kikombe vizuri, na kabla hajafika nusu ya sentensi mwalimu alishasahihisha, "vitu vyangu." Mara tatu kikao kimoja. Aliyesahihishwa alipitisha kikombe. Nilizungumza na mwalimu kando. Aliumia, akasema miaka thelathini ya chaki haiondoki kwa wiki. Sasa yeye ndiye mtafutaji wa visomo, na kwa hilo hana mfano.

Kiongozi bora tuliyempata ni kijana wa tuktuk. Nadhani ni kazi yake: siku nzima abeba watu asiowachagua, wakisema wanayoyasema, naye macho barabarani. Kila kiongozi mpya sasa hukaa na aliyemtangulia nusu saa kabla, waliandike swali pamoja na kulijaribu kwa mtu mmoja aliye jikoni. Likijibika kwa ndiyo au hapana, au kwa aya, latupwa.

Kikao cha leo kilikuwa cha maneno tu. Tulichukua yale maadili saba ya Wamarekani, yale niliyoyakosea Januari, tukajaribu kuyapa Kiswahili. Upendo, hakuna shida. Ukarimu, hakuna shida. Kutegemeana, watu walishangaa kwamba hilo lahitaji kuandikwa. Tulikwama kwenye lile la kubadilika. Mimi nilipendekeza mageuzi. "Mageuzi ni yale ya vyama vingi," akasema mzee wa Tanga, aliyekuwa keshahamia hapa wakati kifungu cha 2A cha katiba ya zamani, kile cha chama kimoja tu, kilipofutwa Desemba 1991. Kwake neno lile lina harufu ya gesi ya machozi. Kugeuka? Fundi cherehani akasema kugeuza ni kulichukua gauni la zamani ukalifumua na kulishona upya kwa kitambaa kile kile, na hilo ndilo alilolielewa. Tukaandika kugeuzwa.

Tatizo la mwisho lilikuwa maneno mawili ya Kiingereza, justice na equity, ambayo mimi yote mawili nilikuwa nimeyaandika "haki". Mama wa Likoni akasema, "Moja ni haki, la pili ni insafu." Haki ni kila mtoto apate andazi. Insafu ni kujua nani hajala tangu asubuhi. Kamusi nilizonazo hazikunisaidia wiki nzima.

Watu 16. Kopo la maziwa limewekwa karibu na kikapu cha simu, atoaye atoa. Kopo limeanza kumlipia mzee wa Tanga tuktuk ya kurudi usiku, 200 kwa kikao, na si kwa kijana wetu. Alikataa kulipwa, tukakataa kutolipa, ikabidi tutafute dereva mwingine.

Alhamisi, 14 Agosti. Miezi saba

Hesabu tangu Mei: kopo limeingiza 3,460. Zimetoka nauli ya mzee 1,600, sukari na majani ya chai 450. Pamoja na 500 za mwanzo, ziko 1,910. Kamati imeuliza kama twahitaji nyongeza. Tumesema hapana, ila wakipata mtu mwenye benchi fupi ya kukalia uani atuazime.

Mahudhurio ya wiki sita zilizopita: 15, 17, 12, 16, 18, 14. Kwa atakayeiga: zaidi ya 12 kikombe huchukua muda mrefu, kwa hivyo uani twagawana vikundi viwili, kandili moja, mshumaa mmoja kwenye gilasi. Chetezo kile cha Januari kiko kwenye dirisha la mwenye nyumba, chafukiza mbu.

Mambo mawili bado hayajatengemaa. Vijana wa chini ya miaka ishirini na tano wako wawili tu. Wasema Alhamisi jioni ni wakati wa mpira. Na wenzetu wa Likoni wateseka na feri usiku, hasa siku ambazo foleni ya kushuka inafika juu barabarani. Tumejaribu kikao kimoja ng'ambo, uani kwa mama, wakaja tisa, sita kati yao hawajawahi kuonekana Kisauni. Labda jawabu ni baraza mbili. Sitaki kuharakisha.

Kisomo cha leo alikileta mwalimu: Hajom Kissor Singh, Mkhasi wa milima ya kaskazini mashariki mwa India, aliyeliacha kanisa la wamishenari wa Wales kwa sababu hakuweza kuamini waliyomfundisha, na mwaka 1887 akaanzisha ibada yake mwenyewe huko Jowai. Kumbe kulikuwa na jina la watu kama yeye, na alilijua akiwa keshafika. Swali alilitunga fundi cherehani, na leo ndiye aliyeongoza: "Ni jambo gani uliliamini peke yako kabla hujakutana na mwenzako?"

Nilikaa nyuma karibu na birika. Kikombe kilipofika kwangu nilikipitisha, kisha kikarudi mara ya pili, nikakishika.